Kadi ya Njano

Kila asubuhi Siwema aliikuta kadi yake ya njano imehamishwa kwenye ubao wa kazi wa ofisi. Jioni aliiacha upande wa kazi zinazoendelea. Asubuhi ilikuwa upande wa zilizokwisha, na hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani, maana wote waliujua. Meneja wao, Bwana Lukindo, hakuwahi kuandika programu ya kompyuta hata moja, lakini ubao ule aliupenda kuliko watu wake.

Kadi iliandikwa "dozi za watoto". Muuguzi akiharakisha, programu waliyoiunda kwa ajili ya hospitali humpa mtoto wa pili dozi ya mtoto wa kwanza. Siwema alishairipoti kasoro hiyo mara tatu.

Leo wageni kutoka hospitali, waliokuja kuipokea programu, walisimama mbele ya ubao, sambusa mkononi. Siwema akapita katikati yao, akairudisha kadi ilikotoka. Gundi ilikuwa imechoka kwa kubanduliwa. Kadi ikadondoka sakafuni.

Bwana Lukindo akaiokota, akacheka kidogo. "Mhandisi wetu huyu haridhiki," aliwaambia wageni. Akaibandika upande wa zilizokwisha kwa utepe, pembe zote nne, taratibu, kama anayefunga kidonda. Kisha akamwinamia Siwema sikioni. "Mkataba wako unaisha Ijumaa, dada yangu. Nisaidie nikusaidie."

"Kwa hiyo Jumatatu tuanze kuitumia kwenye wodi ya watoto?" aliuliza mmoja wa wageni, muuguzi mkuu.

Bwana Lukindo alimtazama Siwema. Wote wakamtazama.

Siwema aligeukia ubao. Ukucha wake ulikuwa umeshafika kwenye utepe, unatafuta ncha.