Mfumo Alioutaka Rukia

Rukia alikaza skrubu ya mwisho ya kompyuta aliyoiunda mwenyewe juu ya meza ya chakula, kisha akachomeka flashi yenye mfumo wa Linux.

"Weka Windows kama wenzako, mdogo wangu," alisema kaka yake, Mbaraka. "Kesho unaanza kuchora kanga za watu kwa kompyuta hiyo. Ikikugomea utamlilia nani?"

"Simlilii mtu, kaka. Nimeiunda kwa mikono yangu, nataka nijue na kinachoiendesha. Ikigoma, nitaitengeneza."

Akabonyeza kitufe. Kioo kikabaki cheusi, Mbaraka akaguna. Rukia hakubandua macho. Maandishi meupe yakaanza kuteremka mstari kwa mstari, na Mbaraka akavuta kiti.

"Hapo inasemaje?" akauliza.

Rukia akamsogezea kibodi. "Inauliza kama tuuweke mfumo; bonyeza wewe, kaka."