Tope la Jezi Namba Saba

Shaibu, nahodha wa timu ya raga, alilitua gunia la jezi mlangoni kwa Bi Ruzuna kama kila Jumamosi, ila leo hakumtazama usoni.

"Tumetokea watano tu, mama. Wapinzani wamesubiri mpaka wamechoka, wakaondoka. Klabu ndiyo basi tena."

Bi Ruzuna alifungua gunia. Jezi zote kumi na tano zilikuwa safi, zingali zinanukia sabuni yake ya wiki iliyopita.

"Ruzuna! Wamerudi?" aliita mumewe kutoka chumbani. Mzee Mbarouk ndiye aliyeianzisha klabu hiyo, miaka arobaini sasa. Tangu miguu yake ikatae, kila Jumamosi aliletewa jezi namba saba, ile aliyokuwa akiivaa, aishike na tope lake kabla haijafuliwa.

"Nakuja, bwana!"

Akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga magoti penye bomba, akachota tope jeusi na kuipaka jezi kifuani na mgongoni.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaisugua kwa kidole gumba, akakitazama kile kidole. Ndipo Bi Ruzuna akakumbuka kwamba uwanja ni udongo mwekundu, na huyu ndiye aliyeusawazisha kwa jembe lake.

"Tumeshinda?" mzee aliuliza.

"Mmeshinda."

Mzee alikifuta kile kidole kwenye shuka.

"Basi ifue vizuri. Jumamosi wataitaka."

Akamnyooshea jezi. Bi Ruzuna akaishika, akaivuta taratibu, lakini vidole vya mzee havikuiachia.