Maji ya Magotini

Huguette aliegemeza simu kwenye kioo cha saluni, pale Warwick mjini Durban, akaendelea kumsuka mteja huku akimtazama kwa video binti yake akiingia baharini.

"Sasa rudi," alisema.

"Mama, maji iko kwa magoti tu."

Binti huyo ameolewa Ufini, kando ya ghuba ya kaskazini ambayo majira ya baridi huganda. Huguette mwenyewe alizaliwa Uvira, penye ziwa ambalo hatua chache tu zinatosha kukupoteza, na hapa Durban bahari humvuta mtu miguu angali ufukoni. Bahari ya kutembea ndani yake kama uwanjani hakuwahi kuijua.

Binti akazidi kwenda. Miti ya pwani ikabaki uzi mwembamba nyuma yake, maji yangali magotini. Akachota kidogo, akaonja.

"Chumvi karibu hakuna, mama. Na kila mwaka nchi inapanda kidogo, inatoka ndani ya maji. Gati ya babu ya bwana yangu, leo iko katikati ya majani."

"Kwa hiyo bahari inawakimbia?"

"Inatuachia kiwanja."

Kiwimbi kikaja, kikamlowesha pindo la gauni. Binti hakulishika pindo. Mkono wake ulikimbilia chini ya kitovu, ukatulia hapo.

Vidole vya Huguette vikakwama katikati ya msuko.

"Sogeza simu mbali kidogo," alisema. "Geuka kando."

Binti akageuka taratibu, ameinamisha uso, akitabasamu.

"Eish," Huguette alinong'ona. "Murudi nchi kavu. Wote wawili, polepole."