Mdomo wa Tangi Jipya

Sheria ilimtaka mhandisi aliyechora tangi la hewa baridi aishi na familia yake ubavuni mwa tangi hilo. Ndiyo maana watoto wa mhandisi Nyamizi walilala wamejifunika blanketi, na wa Shekue, mhandisi mwenzake asiye na tangi, walilala juu ya magunia yaliyolowanishwa maji. Kijicho kilimtafuna Shekue hata akawa anabisha vikaoni kwamba joto hili ni la kupita tu, dunia haijabadilika, na matangi ni anasa ya wachache.

Siku moja Nyamizi alimpa mchoro wa tangi jipya aukague. Shekue aliona mara moja kwamba bamba la kuimarisha mdomo, pale bomba linapotokea, lilikuwa jembamba mno kwa shinikizo la hewa, na siku moja mdomo ungepasuka.

"Umeona kasoro, kaka?"

"Sina neno, dada. Kazi safi." Akatia saini.

Tangi lilipokwisha kujazwa, alirudi nyumbani akamkuta mkewe akifunga virago huku akiimba.

"Baba Tunu, dada Nyamizi katuombea nyumba ya pili pale kwenye tangi. Amesema aliyekagua naye ana haki yake."

Chumbani, watoto walikuwa wakigombea nani atalala upande wa mdomo, maana ndiko kwenye baridi zaidi.