Kuhakiki Nyumba

Kila mwaka sheria inatutaka twende kwenye makumbusho ya vijumba, ndani ya boma la zamani la Pangani, tukahakiki nyumba zetu. Kila nyumba ya mjini ina kijumba chake humo, kidogo kama cha watoto kuchezea, na chochote kinachobadilika nyumbani hubadilika humo chenyewe. Ukiona sawa, unatia sahihi.

Leo sebule ya kijumba changu niliikuta tupu. Makochi yametolewa uani, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, kama kwenye msiba.

Tunaishi wawili tu. Nikampigia simu mume wangu.

“Baba Tunu, hujambo?”

“Sijambo. Nimekaa kwenye kochi nakusubiri. Kwani vipi?”

Nikamwambia mhudumu wa makumbusho kijumba kimekosea.

“Havikosei, mama,” alisema kwa upole, akinipa kalamu. “Mara nyingine vinatangulia tu.”

Nikainama tena. Mlangoni palikuwa na ndara za mume wangu peke yake, ndogo kama punje za mchele. Zangu hazikuwepo.

Nikajitazama miguuni. Si nimezivaa?

Mhudumu naye alikuwa akiitazama miguu yangu.