Gunia la Waya

"Dereva mzima wa Kenya unaogopa waya?" afande wa polisi alimcheka, amesimama barabarani Bugembe, kando ya waya wa chuma uliotoka kwenye lori la Wangila hadi kwenye pikapu yake iliyotumbukia mtaroni. "Toa hilo gunia, Wangila. Vuta mara moja, kwa nguvu!"

Wangila alipandwa na hasira. Akaliondoa gunia lililolowa maji, ambalo madereva hulitundika juu ya waya ili ukikatika uanguke chini, usiruke, akalitupia begani. Akarudisha lori nyuma, waya ukalegea, kisha akachomoka kwa kasi.

Waya ukalia kama bunduki.

Alishuka akaokota kipande, haelewi. Nyuzi hazikurefuka hata kidogo. Zilivunjika kama muhogo mbichi. Waya huohuo uliwahi kuvuta lori zima la saruji kutoka Mbale, ila polepole. Leo umeshindwa na pikapu tupu?

"Afande, hebu ona!"

Kwenye lami, pale aliposimama afande, palikuwa na kofia yake tu; waya uliokatika ulikuwa umemfyeka. Maji ya gunia yalimchuruzika Wangila mgongoni.