Mkwaruzo Kwenye Kioo cha Skana

Uvumi niliousikia kwenye foleni ya maji ulikataa kunitoka: karatasi ikiskaniwa, polisi huitambua mashine iliyoiskani, na mwenye mashine ndiye anayefungwa.

Binti yangu Mwajabu alicheka. "Mama nawe, kwani skana zina sura?"

Jirani akaja kuskani hati ya kiwanja kwenye mashine yetu. Hatukuisoma, tuliona aibu kuchungulia mambo ya mwenzetu. Kumbe ya kughushi.

Askari walituonyesha mstari mwembamba pembeni mwa hati. Ulikuwa mkwaruzo wa kioo chetu, pale nilipokisugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Nikawaambia ni mimi. Wakamchukua Mwajabu.

Wazazi wenzangu:
Msisugue kioo kwa waya.
Msiskani karatasi msiyoisoma, hata ya jirani.
Msiandikishe mashine kwa jina la mtoto.